UZI: Mitokondria kupitia sumu zake (utupa, sianidi, jiko la makaa, DNP na baadhi ya dawa zetu)

#1 Kiini_Seli

Wadau wa biolojia, karibuni. Kila mtahiniwa anajua kuandika kwamba mitokondria ni kiwanda cha nguvu za seli. Anapata alama yake na kuendelea. Mwulize kiwanda hicho kinafanya nini hasa, kimya. Katika uzi huu tuanzie upande wa pili, yaani kwenye sumu. Sumu nyingi za mitokondria hufunga mahali pamoja mahususi, na ukijua palipofungwa unaelewa kazi iliyokuwa ikifanyika hapo.

Ramani kwanza. Pairuveti inayotokana na glukosi, pamoja na asidi za mafuta, huingia hadi ndani kabisa ya mitokondria na kuvuliwa elektroni. NADH, molekuli inayobeba elektroni, huzipeleka kwenye kompleksi I (kundi la protini) iliyo katika utando wa ndani. Zile za suksineti, asidi ya mzunguko wa Krebs, hupitia kompleksi II. Kutoka hapo hupokelewa na ubikwinoni, halafu kompleksi III, saitokromu c, kompleksi IV, na mwisho oksijeni, ambayo hugeuka maji. Kwa kila jozi ya elektroni za NADH, kompleksi I husukuma protoni 4 nje ya utando, III husukuma 4, IV husukuma 2. Kompleksi II haisukumi hata moja; likumbukeni hilo, litahitajika.

Protoni zikirundikana nje, utando unapata volti, takriban milivolti 150 hadi 180. Ni ndogo kwa kuitazama, lakini unene wa utando wenyewe ni nanomita 5 au 6 tu. Ukigawanya, unapata karibu volti milioni 30 kwa mita. Peter Mitchell alitoa hoja hii mwaka 1961, akabishiwa miaka mingi, akapewa Nobel 1978.

Anayetaka picha afikirie bwawa la Masinga. Rundo la protoni ni maji ya bwawa, na kimeng'enya kinachounda ATP (sarafu ya nishati ya seli) ni turbini. Oligomaisini hufunga lango la turbini: bwawa linajaa, pampu zinalemewa, na matumizi ya oksijeni yanashuka. DNP (dinitrofenoli) hutoboa ukuta: pampu zinakimbia kwa nguvu zote, oksijeni inaliwa, lakini turbini haizunguki na nishati inatoka kama joto.

Hiyo DNP ilianza kutolewa Marekani 1933 kama dawa ya kupunguza uzito na ikaondolewa 1938, lakini bado inauzwa mtandaoni kama kichoma mafuta. Haina kiuasumu. Panadol haishushi joto lake, kwa sababu homa hii haikuamriwa na ubongo. Joto linazalishwa ndani ya kila seli. Kinachobaki ni kupoza mwili kwa nje, na mara nyingi hakitoshi.

#2 Mbuni_wa_Utupa

Umeanza vizuri mkuu, ila sumu ya kwanza ingekuwa utupa, ambao wazee wa mitoni waliujua kabla ya Mitchell kuzaliwa. Majani ya *Tephrosia vogelii* yakitwangwa na kutiwa kwenye dimbwi, samaki huelea juu wakihema. Oksijeni imo majini, imo kwenye damu yao pia. Kilichozibwa ni kompleksi I, pale elektroni zinapokabidhiwa ubikwinoni. Samaki huathirika upesi kwa sababu rotenoni, sumu iliyomo kwenye utupa, huingia moja kwa moja kupitia matamvua. Mnyama aliyeila huifyonza kidogo kupitia utumbo. (Kuvua kwa sumu ni kosa kisheria. Nasema mapema kabla mtu hajauliza vipimo.)

Wanaoutumia utupa dhidi ya kupe au wadudu wa maharagwe ghalani hulalamika kwamba mwaka huu umefanya kazi, mwaka ujao haukufanya. Sababu ziko mbili kubwa. Kwanza, si kila mmea una rotenoni. Kuna aina ya utupa isiyo na kemikali hizo kabisa, ingawa kwa macho inafanana na ile nyingine. Ukipanda mbegu zake umepanda ua tu. Pili, mwanga wa jua huivunja rotenoni haraka, kwa hiyo majani yakaushwe kivulini na dawa ipuliziwe jioni. Tena rotenoni haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu; tone la sabuni ya maji husaidia kuitoa kwenye majani.

Vaa glavu na barakoa unapotwanga. Panya waliopewa rotenoni kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson.

#3 Mwalimu_Eastlands

Asanteni. Swali la darasani: vitabu vingi vya sekondari vinasema glukosi moja inatoa ATP 38. Vitabu vya chuo vinasema 30 au 32. Nimwambie mwanafunzi nini?

#4 Hesabu_za_Protoni

Mwalimu, 38 ilitoka enzi za kudhani NADH moja ni ATP 3 kamili na FADH₂ moja (mbeba elektroni mwingine) ni 2. Ukihesabu protoni haikubali. NADH husukuma 10 (4+4+2), FADH₂ husukuma 6 kwa sababu inaruka kompleksi I. Kuunda ATP moja na kuitoa nje ya mitokondria hugharimu protoni karibu 4: takriban 3 za kuzungusha mtambo na 1 ya kuingiza fosfeti na kubadilishana ADP na ATP. Kwa hiyo NADH ni 2.5 na FADH₂ ni 1.5.

Glukosi moja: NADH 10 × 2.5 = 25. FADH₂ 2 × 1.5 = 3. Ongeza 4 zinazotengenezwa moja kwa moja, 2 za glikolisisi (uvunjaji wa glukosi nje ya mitokondria) na 2 za mzunguko wa Krebs. Jumla 32. Zile NADH 2 za glikolisisi ziko nje ya mitokondria na haziwezi kupita utando wa ndani zenyewe. Elektroni zake zikivushwa kwa njia ya gliserofosfeti, zinaingilia kwenye ubikwinoni na kutoa 1.5 badala ya 2.5, jumla inashuka hadi 30.

Hata 32 ni dari, si wastani. Utando huvuja protoni wakati wote, na kwenye mafuta ya kahawia ya mtoto mchanga kuna protini maalum ya kuzivujisha kusudi ili apate joto. Kwenye mtihani aandike kinachotakiwa na mwongozo wa kusahihisha. Kwenye daftari lake aandike 30 hadi 32.

#5 Daktari_wa_Zamu

Tuje kompleksi IV, maana hii ndiyo inayoleta watu hospitalini. Sianidi hushika chuma cha kompleksi hiyo pale oksijeni ilipopaswa kukaa. Damu ya vena inabaki nyekundu ya kung'aa kwa sababu oksijeni imerudi bila kutumika, na asidi ya laktiki inapanda kwa kuwa seli zimebaki na glikolisisi peke yake, ATP 2 kwa glukosi badala ya 30. Matibabu ni haidroksokobalamini gramu 5 kwa mshipa, au naitraiti ikifuatwa na thayosalfeti gramu 12.5. Kobalti ya ile ya kwanza huinyakua sianidi na kuwa vitamini B12 inayotoka kwenye mkojo.

Julai ikifika na baridi ya Nairobi, tatizo letu si sianidi bali kaboni monoksaidi ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi hii hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kiasi kinachofika kwenye tishu hushika pia kompleksi IV. Jiko lililokwisha kuwaka, jekundu na lisilotoa moshi, ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu gesi haina rangi wala harufu.

Mambo mawili kwa wahudumu. Kile kifaa cha kidoleni kitasoma 98% na mgonjwa anakufa, kwa kuwa hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na yenye kaboni monoksaidi. Na oksijeni ya 100% ianze mara moja kwa barakoa yenye mfuko: kwenye hewa ya kawaida gesi hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5, kwenye oksijeni safi ni dakika 60 hadi 90.

#6 Shangazi_Muhogo

Daktari umeruka muhogo. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo yenyewe si sianidi. Inageuka pale kimeng'enya cha muhogo huohuo, linamarasi, kinapokutana nayo, yaani seli zikipasuliwa. Hapo ndipo watu hukosea. Wanakata vipande vikubwa na kuvitosa kwenye maji yanayochemka, wakiamini moto unaua sumu. Moto unaua linamarasi, linamarini inabaki nzima, na bakteria wa utumbo wanaimalizia kazi ndani ya mtu.

Utaratibu sahihi ni menya, kuna au saga, acha ikae au ichachuke, kisha kausha. Sianidi haidrojeni huchemka nyuzi 26 tu, kwa hiyo ikishatoka kwenye linamarini inajiendea hewani. Kwa unga ambao tayari umesagwa na una shaka nao: changanya na maji uwe rojo, tandaza tabaka lisilozidi sentimita 1, acha saa 2 juani au saa 5 kivulini, halafu pika ugali siku hiyohiyo. Kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Muhogo mtamu unaochemshwa au kukaangwa barabarani na kuuzwa na limau na pilipili hauna neno.

#7 Ini_la_Kiamaiko

Kwa wanaofanya somo la maabara, niweke utaratibu wa kutoa mitokondria kwenye ini la mbuzi, maana makosa ni yaleyale kila mwaka.

Bafa ya lita moja: sukrosi gramu 85.6 (milimola 250), Tris milimola 10, EGTA milimola 1, pH 7.4 ikipimwa *baada* ya kupozwa. pH ya Tris hubadilika na joto: ukiiweka 7.4 ikiwa nyuzi 25, kwenye barafu itapanda hadi karibu 8. EGTA ni ya kukamata kalsiamu. Ini likishapasuliwa kalsiamu huingia mitokondria na kuzivimbisha hadi zinapasuka.

Ini lichukuliwe machinjioni mara mnyama anapofunguliwa, likatwe vipande palepale na kutoswa kwenye bafa baridi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu iliyochanganywa na maji. Usiligandishe. Fuwele za barafu hupasua utando na utakachopata ni mitokondria zinazokula oksijeni bila kujali ADP. Kutoka Kiamaiko (kwenye machinjio ya mbuzi) hadi Chiromo (kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi) foleni ikiwa mbaya ni tatizo halisi, lakini vipande vidogo kwenye bafa baridi vinastahimili. Ini zima ndani ya mfuko wa plastiki halistahimili, katikati yake linabaki na joto.

Gramu 10 za ini, zikatwekatwe kwa mkasi, zioshwe hadi bafa isiwe na damu, kisha mililita 80 za bafa na pistoni ya teflon, mapigo 4 hadi 6. Blenda ya jikoni hapana. Zungusha kwenye sentrifuji ya baridi kwa g 700, dakika 10, tupa mashapo (viini na seli nzima). Majimaji yazungushwe kwa g 9,000, dakika 10. Mashapo ya kahawia ndiyo mitokondria. Juu yake kuna utando mweupe, laini, unaotikisika: huo ni mitokondria zilizovunjika na takataka, uondoe kwa pipeti. Katikati kabisa chini ukiona kidoa cheupe kigumu, ni glikojeni. Mnyama hakunyimwa chakula usiku uliotangulia. Osha mara moja tena kwa bafa isiyo na EGTA, kisha zitawanye kwenye mililita 1 tu. Ziweke zikiwa nzito kwenye barafu, na uzitumie ndani ya saa 4 au 5.

Soma nambari ya g, si mizunguko kwa dakika. Rota yako si rota ya aliyeandika utaratibu.

#8 Fundi_Elektrodi

Ndugu yangu wa Kiamaiko ameeleza vizuri, niendelee pale anapoishia, kwenye elektrodi ya oksijeni. Kuna kosa ambalo ni la Nairobi hasa.

Vitabu husema maji yaliyoshiba hewa kwa nyuzi 25 yana oksijeni maikromola 258 kwa lita. Hiyo ni usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,800 juu, kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 81.5 badala ya 101.3. Ukiondoa mvuke wa maji (3.2) pande zote mbili, 78.3 ÷ 98.1 ni 0.80. Kwa hiyo chemba yako ina kama maikromola 206. Ukisawazisha mashine kwa 258, kila kasi unayoripoti imezidi kwa robo, na uwiano wa ADP kwa oksijeni unashuka: suksineti iliyopaswa kutoa 1.5 inatoa 1.2, kisha watu wanalaumu mbuzi.

Na usichukue kanieneo kutoka ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Ile kwa kawaida imeshafanyiwa marekebisho ilingane na usawa wa bahari, ndiyo maana inasoma zaidi ya 1,000. Tumia baromita ya hapo ulipo.

Chemba ya mililita 1: KCl milimola 125, fosfeti 5, magnesiamu 2, pH 7.2, protini ya mitokondria miligramu 1. Weka glutameti na maleti milimola 5 kila moja. Kisha ADP nanomoli 150, ambayo lazima iwe imesawazishwa kwa KOH hadi pH 7, kwani ADP kutoka chupani ni asidi. Kasi inapanda, ADP ikiisha, inashuka. Gawanya kasi ya juu kwa ya chini. Ikiwa ni 5 au zaidi, mitokondria ni nzima. Chini ya 3, utando unavuja, rudi kwenye barafu na bafa yako.

Sasa ndipo ramani ya post #1 inaonekana kwa macho. Tia rotenoni: mstari wa kasi unalala. Tia suksineti: mstari unainuka tena, kwa sababu kompleksi II inaingilia mbele ya kizuizi. Tia antimaisini, ambayo hufunga kompleksi III: unalala tena, na suksineti zaidi haiokoi kitu. Kwa mwendo mwingine tumia oligomaisini, kasi ishuke, halafu DNP kidogo: kasi inaruka juu. Mwanafunzi akishaona mistari hiyo hahitaji tena kukariri.

Rotenoni na antimaisini huyeyushwa kwenye ethanoli na hung'ang'ania plastiki ya chemba. Suuza kwa ethanoli mara kadhaa, kisha maji. Vinginevyo jaribio linalofuata litaanza likiwa limekufa. Na kwa darasa msitumie KCN (sianidi ya potasiamu); kwa pH 7.2 karibu yote inageuka gesi ya sianidi.

#9 Daktari_wa_Zamu

Nirudi kwa dawa, kwa sababu baadhi ya sumu za mitokondria tunaziandika sisi wenyewe. Mitokondria ina DNA yake: jozi 16,569 za besi, jeni 37, kati ya hizo 13 tu ni za protini, zilizobaki ni za kuwezesha kuzitengeneza. Inanakiliwa na kimeng'enya kinachoitwa polimerasi gama. Stavudini, tuliyoitumia sana mwanzoni mwa ARV, ilikizuia kimeng'enya hicho. Matokeo yalionekana mtaani: mashavu kubonyea, miguu kuchoma, na kwa wachache laktiki kupanda hadi kuua. Mwishoni mwa 2009 WHO ilishauri nchi ziiache.

Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, inafunga ribosomu. Asili ya mitokondria ni bakteria, na ribosomu zake bado zinafanana nao vya kutosha kuguswa na dawa hiyo. Kwa miligramu 600 kila siku kwa miezi, pima damu kamili na uwezo wa kutofautisha rangi kila mwezi. Mgonjwa akianza kuchanganya nyekundu na kijani, usingoje miadi ijayo.

Gentamaisini na jamaa zake (antibiotiki za sindano): wenye badiliko la A kuwa G kwenye nafasi ya 1555 ya DNA hii wanaweza kuwa viziwi hata kwa dozi ya kawaida. Ukisikia uziwi baada ya sindano upande wa mama, badilisha dawa. Upande wa baba hauhusiki.

#10 Ndorobo_na_Ng'ombe

Naona hakuna aliyegusa tripanosoma, vimelea wa damu wanaoenezwa na ndorobo, na tuko mji wenye taasisi za utafiti za ILRI Kabete na icipe Kasarani. *Trypanosoma brucei* ana mitokondria moja tu kubwa, yenye DNA iliyofumwa kama wavu wa maelfu ya pete ndogo na makumi ya pete kubwa. Akiwa kwenye damu ya ng'ombe hatumii kompleksi III wala IV. Anatumia oksidasi nyingine isiyosukuma protoni na isiyoguswa na sianidi, anaishi kwa glikolisisi, na mtambo wa ATP unazunguka *kinyume*, ukila ATP ili volti ya utando isizime. Bila volti hawezi kuingiza protini ndani, na anakufa. Kwa hiyo mitokondria inaweza kuwa ya lazima hata pale isipotoa ATP hata moja, jambo linaloharibu kabisa ile sentensi ya kiwanda.

Diminazini, dawa ya kuwatibu (miligramu 3.5 kwa kilo ya ng'ombe), hujikusanya kwenye huo wavu wa DNA. Ngamia msiwape, inawadhuru. Ugonjwa wao wa surra husababishwa na *T. evansi*, ambaye amepoteza pete kubwa zote, hawezi tena kukua ndani ya ndorobo, na huenezwa na nzi wanaouma kwa kuhamisha damu tu.

Ndorobo mwenyewe haruki kwa sukari. Misuli yake huchoma prolini, asidi amino.

#11 Mwalimu_Eastlands

Elektrodi hatuna, sentrifuji ya baridi hatuna. Shule ya kawaida ifanye nini?

#12 Ini_la_Kiamaiko

Mwalimu, methilini bluu inatosha, maana ikipokea elektroni hupoteza rangi. Chukua moyo wa mbuzi gramu 20, usage, uoshe kwa maji baridi mara tatu kupitia kitambaa. Usipoosha, sukari na asidi zilizomo zitaondoa rangi hata kwenye mrija usiotiwa kitu, na hutaonyesha chochote. Changanya na mililita 60 za bafa ya fosfeti, mola 0.1, pH 7.4.

Mirija minne, kila mmoja mililita 2 za mchanganyiko na 0.5 ya methilini bluu 0.02%. Wa kwanza ongeza mililita 1 ya suksineti (mola 0.2) na 1 ya maji. Wa pili suksineti 1 na maloneti 1, nayo mola 0.2. Wa tatu maji 2. Wa nne kama wa kwanza, lakini nyama yake iwe imechemshwa dakika 5 kwanza. Funika kila mmoja kwa sentimita 1 ya mafuta ya kupikia ili hewa isiingie, weka kwenye maji ya nyuzi 37, usitikise.

Wa kwanza unapoteza bluu kwanza. Wa pili unachelewa, kwa sababu maloneti inafanana na suksineti na inagombea nafasi kwenye kompleksi II. Ukiongeza suksineti nyingi, inashindwa. Ukimaliza, tikisa mrija wa kwanza kwa nguvu: bluu inarudi, maana oksijeni imezichukua zile elektroni.

#13 Mwalimu_Eastlands

Na mzazi asiyetaka mtoto ashike nyama?

#14 Ini_la_Kiamaiko

Ndengu zilizoota siku mbili. Saga kwa kinu na bafa baridi, chuja, fuata hatua zilezile. Rangi itachukua muda mrefu zaidi kupotea, kwa hiyo anza mwanzoni mwa kipindi cha masomo mawili.